Kiti cha Gari Jekundu

Fundi Sindano alikwenda kuchukua kiti. Basi. Kazi ya kwenda na kurudi kabla giza halijaingia.

Mchana ule mwanamke mmoja mwenye haraka alifika kwenye kibanda chake cha kushonea viti vya magari, akasema baba yake ana kiti cha zamani kimechanika, anataka kivalishwe ngozi mpya leo leo.

"Mzee hali yake si nzuri," alisema. "Amegoma kula mpaka kiti kishonwe. Tusaidie, fundi."

Fundi alicheka. Katika kazi yake alikuwa ameshaona wateja wakigombania viti, hata kulilia viti, lakini wa kugomea chakula huyu alikuwa wa kwanza. Jua lilipoanza kuzama akapanda baiskeli yake, mpira wa kufungia mzigo ukining'inia nyuma.

Mtaa alioelekezwa aliujua. Alipofika mbele ya mlango wa mabati wa buluu, alishuka, akasahau hata kuiegemeza baiskeli. Ikaanguka.

Ulikuwa ule ukumbi wa gemu.

Hakuwa amekanyaga pale tangu ana miaka kumi na minne. Yule mwanamke alimfungulia, na harufu ikampokea mlangoni... vumbi, waya zilizoungua, jasho la watoto. Jasho la watoto, kwenye chumba ambacho watoto waliacha kuingia miaka mingi iliyopita. Mashine nyingine zote zilishauzwa. Ilibaki moja pembeni, imefunikwa shuka. Fundi hakuhitaji kufunuliwa.

Gari Jekundu.

Ndivyo walivyoliita utotoni. Lilikuwa gemu la mbio za magari, na tofauti na mengine ya kusimama, hili lilikuwa na kiti chake. Unakaa, unashika usukani, unakanyaga mafuta, na muungurumo wa injini unatokea chini ya makalio yako, unapanda uti wa mgongo mpaka meno yanacheza. Barabara ilianzia kwenye miti mirefu, ikapanda mlima, ikapita ukingoni mwa genge, ikaingia kwenye handaki. Juu ya kioo, tarakimu nyekundu zinahesabu sekunde zako zilizobaki. Ukitoka handakini unakuta barabara nyingine, na baada ya hiyo nyingine tena. Hakuna mtoto aliyewahi kuuona mwisho wake. Fundi aliichora nyuma ya madaftari yote ya shule, akachapwa kwa ajili yake, na hakukoma. Mpaka leo, akishona, mdomo wake huimba ule muziki bila yeye mwenyewe kujua. Mkewe humtania: "Haya, umeanza tena kuendesha."

Lakini bingwa hakuwa yeye. Bingwa alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, waliyempa jina la Mshale, kwa sababu akikaa yeye, mshale wa spidi haushuki.

Jioni moja ilikuwa zamu ya Fundi, sarafu iko mkononi. Mshale akamsihi. "Niachie, ndugu yangu. Leo nafika mwisho, nahisi." Fundi akamwachia. Mshale akapanda mlima, akapita genge, akaingia handakini... na umeme ukakatika mtaa mzima. Uliporudi, kioo cha gemu kilikuwa cheusi. Mshale alikuwa bado amekaa, mikono kwenye usukani, macho wazi. Walimwita. Walimtikisa. Mwishowe walimbeba hadi kwao, mikono ikiwa imenyooka vilevile mbele yake.

Hakusema tena neno. Miaka thelathini. Madaktari hawakuona ugonjwa. Mama yake alimlisha, akamwogesha, akamnyoa ndevu zilipoota. Kutwa alikaa kitini, mikono imeshika kitu kisichokuwepo, akiinama kidogo kushoto, kidogo kulia. Mwanzoni Fundi alikwenda kumwona kila Jumapili, kisha kila mwezi, kisha akawa anapita njia nyingine.

Nyuma ya pazia, kitandani, alilala mwenye ukumbi. Watoto walimwita Mzee Swichi, kwa kuwa jioni yeye ndiye aliyezima mashine zote. Alikuwa amebaki mifupa na macho.

"Ni wewe," alinong'ona. "Mtoto uliyeachia zamu."

Fundi alikwepa macho yake. "Shikamoo, mzee. Nimefuata kiti."

"Shona ngozi mpya juu ya hii kuukuu. Ndani usifungue."

"Ndani kuna nini?"

"Sponji."

Mzee akafumba macho. Chozi likamtoka, likashuka mpaka sikioni.

"Sponji tu," akasema tena.

Fundi alikifungua kiti kwenye mashine, akakifunga nyuma ya baiskeli. Kilikuwa kizito kuliko kinavyostahili. Njiani alihisi mtetemo mdogo ukipita kwenye chuma na kumfikia viganjani. Akadhani ni gurudumu. Akasimama alikague. Baiskeli ikasimama.

Mtetemo haukusimama.

Aliendelea kwa miguu, akiikokota. Kibandani aliwasha taa, akaweka kiti mezani, akatunga uzi. Alitaka kutii, kweli kabisa. Lakini ngozi ya zamani ilikuwa imeoza. Kila akipitisha sindano, inachanika kama karatasi iliyolowa. Fundi gani anashona juu ya kilichooza? La kuvunda halina ubani. Akachukua kisu.

Kabla hajakata, aliweka kiganja juu ya kiti. Kilikuwa na joto. Si joto la jua. Joto la mgongo wa mtoto aliyelala.

Akakata.

Ndani hakukuwa na sponji.

Kulikuwa na vifurushi saba, kila kimoja ukubwa wa ngumi ya mtoto. Vipande vya mashati, kipande cha gauni, kipande cha sweta ya shule, kila kimoja kimefungwa kwa uzi mweusi, vifundo saba. Nywele zilichungulia kwenye mikunjo. Na vyote vilikuwa vikitetemeka, kila kimoja peke yake, kama mdudu aliyefungiwa kwenye kiberiti. Fundi aliinamisha sikio. Akausikia, mdogo, wa mbali sana...

Muungurumo wa injini.

Kimoja kilikuwa cha njano chenye mistari myeupe. Shati alilolivaa Mshale jioni ile. Fundi alimwona nalo, alimbeba nalo. Hakuna cha kujidanganya.

Chini kabisa kulikuwa na kitambaa cha nane. Hiki hakikuwa na kifundo. Kilikuwa kimetandazwa vizuri, kinasubiri. Ni mfuko wa shati la shule, wenye doa la wino. Wiki ile ile umeme ulipokatika, Fundi alirudi nyumbani bila mfuko huo, na mama yake alimchapa kwa sababu hakuweza kueleza ulipotelea wapi.

Alikaa chini sakafuni.

Alipopata nguvu, alijaribu kifundo cha kwanza cha Mshale. Kigumu kama jiwe. Alijaribu kwa ncha ya sindano. Ikavunjika. Akajaribu nyingine. Ikavunjika. Kisu hakikukata hata unyuzi mmoja. Ndipo akakitia kifurushi mkononi, kile kitambaa chake akakisokomeza mfukoni, akatoka mbio kuelekea kwa mama yake Mshale, mtaa wa pili kutoka pale.

Bibi yule alikuwa akimlisha mwanawe uji kwa kijiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umepotea njia, ukafika kwetu?"

Fundi alifungua kiganja. Mama Mshale alitazama, kijiko kikabaki hewani.

"Hilo shati nililishona mimi," alisema polepole.

Alikichukua, akaanza kufungua.

"Hakifunguki, mama. Nimevunja sindano mbi—"

Kifundo cha kwanza kilikuwa kimeshalegea chini ya ukucha wake, kama kamba ya kiatu.

Mshale alikunja kidole. Kidole kimoja tu.

Kifundo cha pili. Cha tatu. Kila kimoja kikiachia, vidole viliachia. Cha sita, mabega yakashuka. Cha saba... mikono iliyonyooka miaka thelathini ikaanguka mapajani, kama mizigo iliyotuliwa.

"Mama."

Sauti ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi na minne, ikitoka kwenye uso wenye mvi kidevuni.

"Abee, baba. Abee, mwanangu."

"Mama, mbona mikono yangu imekuwa ya baba?"

Mama yake alimshika uso, akampapasa masikio, pua, kama anayehesabu kama vyote vimerudi. Mshale akasema ana njaa. Akachukua kijiko mwenyewe. Bibi akacheka huku analia, akamwongezea uji, ukamwagika mezani, wote wawili wakaucheka. Fundi alisimama mlangoni machozi yakimbubujika. Alifikiri: basi, yameisha.

Kijiko cha nne hakikufika mdomoni.

"Nani ana taa?" Mshale alinong'ona.

"Taa ipi, baba?"

"Ya mbele. Gari langu peke yake lina taa. Wako sita wananifuata. Kule giza, mama, handaki haliishi. Wanatazama taa zangu za nyuma ndiyo wanajua njia inakata wapi..." Akaweka kijiko chini, kwa adabu. "Nimewaacha kwenye kona."

Nje, mtu alipiga yowe.

Alikuwa mshona viatu, jirani wa nyumba ya nyuma. Alikuja mbio, peku, akagonga dirisha kwa viganja. Fundi alimjua vizuri, pamoja na dada yake waliyemwita Dada Kimya, aliyekaa bila kusema tangu usichana. Watu walisema ni homa ya kichwa. Mara ngapi Fundi alipeleka viatu pale, akamwona yule dada barazani amenyoosha mikono mbele, na hakuwahi kujiuliza!

"Dada yangu!" mshona viatu alilia. "Amesema! Amepiga kelele, amesema 'Ukuta!' ... kisha akaanguka. Hapumui. Njooni jamani, hapumui!"

Akakimbilia nyumba nyingine kuomba msaada. Chumbani hakuna aliyesogea.

"Huyo alikuwa nyuma yangu hasa," Mshale alisema. "Wamebaki watano."

Akanyoosha mkono kuchukua kile kitambaa cha njano. Mama yake alimrukia.

"Huendi!"

"Mama, wananiita."

"Huendi popote! Fundi, mshike!"

Fundi alimshika mabega. Ndipo Mshale alipomtazama vizuri, kwa mara ya kwanza, akikunja uso kama anayesoma maandishi ya mbali.

"Wewe nakujua. Umekuwa mkubwa."

"Ni mimi, ndugu yangu."

"Ile ilikuwa zamu yako."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtoto anavyomkumbusha mwenzake. Na mfukoni, juu ya moyo, kile kitambaa cha nane kilianza kupata joto. Fundi alielewa bila kuelezwa. Ule uzi mweusi ulikuwa mezani. Ni kufunga tu. Vifundo saba, halafu taa inakuwa yake, na Mshale anamaliza uji wake. Alimfikiria mkewe, akasikia anavyomtania. Akawafikiria wanawe. Alifungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Mshale alingoja. Alingoja muda ambao Fundi hatausahau mpaka anaingia kaburini. Kisha akatabasamu, vile mtoto anavyomsamehe mwenzake aliyeogopa kuruka mtaro.

"Basi. Naendelea mimi."

Mikono ya Fundi ilimlegea yenyewe. Mshale akachukua uzi, akaanza kufunga.

"Usiku mmoja tu," mama yake alisihi, amepiga magoti, amemkumbatia miguu. "Lala hapa usiku mmoja tu, baba. Nikuone ukilala."

"Nitarudi, Mama. Nikishawafikisha."

Kifundo cha tano, vidole vilianza kukakamaa. Cha sita alifunga kwa shida. Cha saba alikaza kwa meno. Mikono yake ikapanda, polepole, ikashika kitu kisichokuwepo. Mdomoni kulikuwa bado na uji. Mama yake akamfuta kwa ncha ya khanga.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Bibi alikaa na kile kifurushi mapajani muda mrefu, kidole gumba kikizunguka juu ya kifundo.

"Naweza kukifungua tena," alisema bila kumtazama Fundi. "Sasa hivi. Unajua?"

"Najua, mama."

"Yule dada naye alikuwa na mama." Akamsukumia kifurushi. "Chukua. Kashone kiti kabla moyo haujanishinda."

Fundi alirudi kibandani. Vifurushi vitano vilikuwa vikitetemeka. Kile cha gauni kilikuwa kimetulia, baridi, kimelowa. Alijaribu vifundo vya hao wengine, kimoja kimoja, akivunja sindano, akivunja kucha. Hakikulegea hata kimoja. Kitambaa chake mwenyewe alikiwashia kiberiti. Hakikuungua. Mkono wake ndio uliotoka malengelenge. Basi akavirudisha vyote kama vilivyokuwa, kitambaa chake chini kabisa, akashona, mishono midogo midogo, mara mbili mbili. Hajawahi kushona kazi safi kama ile.

Mzee Swichi alikuwa akimsubiri, macho yakitazama pazia.

"Ulifungua."

"Nilifungua. Nani alivifunga, mzee? Ni wewe?"

"Mimi sikufunga hata kimoja. Aliyeniletea mashine alinipa na kiti. Akasema usikifungue, na ukumbi wako hautakosa watoto. Nikaona ni maneno ya biashara." Alivuta pumzi, ikakwaruza. "Nikawa nazima swichi jioni, nakuta kiti kimenenepa."

"Na hukuwaambia wazazi?"

"Kifundo kinamtii aliyezaa tu, si mtu mwingine. Hilo nililijua nikiwa nimechelewa. Mama zao walikuwa wameshaanza kufa. Nimekwenda kwenye maziko yao yote, fundi. Amebaki mmoja."

Fundi alimwinamia. "Wakifika mwisho wa barabara, watatoka?"

Mzee alimgeukia.

"Wewe uliwahi kuuona mwisho?"

Mzee alikula vijiko viwili vya wali alivyolishwa na binti yake, akageukia ukutani, na alfajiri akakutwa amekufa. Binti hakutaka hata kukiona kile kiti. Mama Mshale akatuma ujumbe kwamba kiletwe kwake.

Dada Kimya alizikwa kesho yake. Fundi alishika jeneza upande mmoja, mshona viatu upande wa pili, na mshona viatu akamshukuru kwa wema wake. Fundi akapokea shukrani hiyo. Angefanya nini?

Habari ya neno lile, "Ukuta," ilitembea mtaa hadi mtaa, na watu wakakumbuka wagonjwa wengine wa mikono iliyonyooka. Baada ya wiki mtu mmoja alimleta kaka yake kwenye kiti cha magurudumu, mikono imenyooka mbele. Kisha akaja mwingine na shangazi yake. Mpaka mwezi unaisha wakawa wanne. Wa tano hakuletwa, na hakuna ajuaye ni nani wala amekaa chumba gani, katika mji gani. Mama Mshale aliwapokea wote. Aliwapanga viti nyuma ya mwanawe, mmoja nyuma ya mwingine, na kile kiti alichoshona Fundi akakiweka ukutani karibu na kitanda chake. Husema akilala husikia kama bado wanakwenda.

Fundi sasa hapiti njia nyingine. Kila jioni huenda na maziwa, na dawa ya kifua, kwa sababu tangu mvua zianze bibi anakohoa, na kila wiki anakohoa zaidi. Daktari alikuja, akaandika, akaondoka. Fundi amezoea kusimama kwanza nje ya mlango, asikilize. Akisikia kikohozi, anashukuru kwamba mikono inayoweza kufungua bado ipo, ndipo anabisha.

Jana alisimama muda mrefu kuliko kawaida. Giza lilikuwa linaingia. Alisikia viti vitano vikilia kwa pamoja, kriii, wakiinama kukata kona. Vikatulia. Vikalia tena, upande wa pili.

Kikohozi hakikuja.

"Hodi," akasema.

Ndani, viti vikalia.

"Hodi, mama..."